Altrasaundi ya mfukoni na kazi ya kumlikiza mgonjwa mashine: miezi 14 nikiwa nayo

Kijana mmoja alikuja kumwona mama yake ICU, akanikuta nimempaka mama jeli ubavuni, nimeshika kidude mfano wa mashine ya kunyolea ndevu, na simu nimeiegemeza kwenye mto. Akasimama mlangoni. "Asalaam aleikum, Sista. Samahani, hiyo si ya wajawazito? Mama ana miaka sitini na nane." Nikamwambia atulie, hatutafuti mtoto, tunatafuta kinachomzuia Hajati kuachana na mashine.

Hicho kidude ndicho ninachokipima hapa. Ni altrasaundi ya mkononi, kichwa kimoja kinachochomekwa kwenye simu kwa kebo. Chapa yake sitaitaja kwa sababu nina kinyongo na kampuni iliyokitengeneza, na kinyongo changu si ushahidi wa mahakamani. Hospitali nayo niiache bila jina. Ni huku West Nile, kaskazini-magharibi mwa Uganda, tuna vitanda vinne vya mahututi, mashine tatu za kupumulia zinazofanya kazi, na ya nne ambayo siku hizi ni meza ya kuwekea glavu. Mimi ni mtaalamu wa dawa ya usingizi, mzaliwa wa Oli pale Arua, baba alikuwa askari, kwa hiyo kwetu Kiswahili ndiyo lugha ya kutumwa dukani na ya kuchapiwa. Wenzangu wa Gulu, Mbale na ng'ambo ya mpaka wameniuliza mara nyingi kama kidude hiki kinastahili bei yake, ambayo inakaribia pikipiki mbili mpya za boda. Nimechoka kujibu mmoja mmoja.

Bibi yangu hakusema kumwachisha mtoto ziwa, alisema kumlikiza. Nalipenda neno hilo kwa kazi hii, maana kumtoa mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia hakufanani na kuzima taa. Ukimtoa mapema, usiku unaitwa umrudishie mpira kooni, na mpira wa mara ya pili huingia kwa shida na mgonjwa akiwa hoi kuliko mwanzo. Ukichelewa, mashine inamfanyia kazi yote na msuli unakonda. Msuli wenyewe ni kiwambo, daiaframu, ule mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya viwambo vya watu waliokaa kwenye mashine saa 18 hadi 69 bila kiwambo kufanya kazi: nyuzi za msuli zilikuwa zimepungua kwa zaidi ya nusu. Mguu ukiufunga plasta, hukonda kwa wiki kadhaa. Kiwambo hakingoji Jumapili.

Njia ya zamani bado tunaitumia, na sioni siku tutakayoiacha. Asubuhi mgonjwa akiwa macho, homa imeshuka, oksijeni anayohitaji ni kidogo na presha imetulia bila dawa nyingi, tunamtoa kwenye msaada na kumwacha apumue mwenyewe kwa kiungo cha T (kipande cha bomba chenye umbo la T kinachompa oksijeni bila kumsukumia hewa), kuanzia dakika 30 hadi saa mbili. Kabla ya hapo tunapiga hesabu ya Yang na Tobin ya mwaka 1991: idadi ya pumzi kwa dakika, gawa kwa ujazo wa pumzi moja kwa lita. Ikizidi 105, wengi hushindwa. Ni hesabu ya bure, inafanyika hata umeme ukikatika. Kasoro yake ni kwamba inakuambia mgonjwa anahema mbiombio, haikuambii kwa nini. Na kwa miaka mingi mgonjwa akishindwa jaribio sisi tulichofanya ni kuandika kwenye faili "ameshindwa, jaribu kesho". Kesho tunajaribu, anashindwa, tunaandika tena. Nina mafaili yenye sentensi hiyo mara sita mfululizo kwa mwandiko wangu mwenyewe.

Kidude kilipofika (tuliletewa na mwenzetu aliyekuwa masomoni nje, kimetumika lakini kizima), wiki za kwanza nilipiga picha nzuri sana za ini. Kiwambo sikukiona. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kuna madirisha mawili, na kila dirisha lina kazi yake.

La kwanza ni ubavuni, kati ya mbavu ya nane na ya kumi, mstari wa mbele wa kwapa au katikati yake. Hapa unachagua mpangilio wa mawimbi ya juu, ule wa kutazama vitu vya karibu na ngozi, kwa sababu kiwambo kiko sentimita chache tu ndani. Ukikipata, unaona mistari miwili myeupe iliyo sambamba na katikati yake ukanda mweusi. Huo weusi ndio msuli. Mgonjwa akivuta pumzi, mistari inaachana na ukanda unanenepa. Akitoa pumzi, unarudi. Mara nyingine pafu linateremka kama pazia na kufunika kila kitu, nawe unasogeza kidole kimoja chini na kungoja. Ukanda huo kwa mtu mzima ni milimita mbili hivi. Unapima unene mwisho wa kutoa pumzi, unapima mwisho wa kuvuta, unatafuta umeongezeka kwa asilimia ngapi. Utafiti wa mwaka 2014 wa wagonjwa 63 uliweka mpaka kwenye asilimia 30: waliofika hapo au kuzidi, wengi walifanikiwa kutoka. Wengine wameweka mpaka chini kidogo au juu kidogo ya hapo.

La pili ni chini ya mbavu upande wa kulia, mawimbi ya chini, ukichungulia kupitia ini. Hapo hupimi unene, unapima mwendo: kiwambo kinateremka umbali gani kwa pumzi moja. Chini ya milimita 10 ni dalili ya udhaifu. Upande wa kushoto usijitese sana, hewa ya tumbo inaharibu picha, na kwa mgonjwa aliyelishwa kwa mpira asubuhi ndiyo kabisa.

Kosa nililolifanya miezi miwili bila kujua, na ambalo nimewaona nalo hata wanaojiita mabingwa, ni kupima mwendo huku mashine ikiwa inasukuma. Mashine ikisukuma hewa, kiwambo kitateremka tu hata kama kimelala fofofo, kama mlango unaofunguliwa na upepo. Unaona milimita 15, unafurahi, na msuli haujafanya lolote. Kule kunenepa nako kunapungua mashine ikisaidia sana, kwa kuwa msuli hauna haja ya kujikaza. Kwa hiyo mtoe kwenye msaada kwanza, au uushushe kabisa, mwache dakika chache, ndipo upime.

Sasa niseme kilichonifanya niache kukidharau.

Tulimpokea kijana mkulima wa nyanya. Mtu alikuwa amehifadhi dawa ya wadudu kwenye chupa ya soda, naye akaja kutoka shambani na kiu. Ilikuwa dawa ya jamii ya oganofosfeti, zile zinazomfanya mtu atokwe mate, machozi na jasho, macho yakawa madogo kama tundu la sindano. Atropini, mpira kooni, mashine. Siku ya nne alikuwa macho, kifua kikavu, anafinya mkono wangu nikimwambia. Kila mtu akasema huyu leo anatoka. Kiungo cha T: dakika sita, akachoka. Siku ya tano, dakika nane. Daktari wa zamu akasema kijana ana woga, apewe dawa ya kumtuliza. Nilimwomba kijana ainue kichwa kutoka kwenye mto. Hakuweza. Nikaweka kidude ubavuni: milimita 1.7 akitoa pumzi, 1.8 akivuta. Asilimia 6. Hapakuwa na woga wowote pale. Sumu hizi huwa na duru ya pili, siku moja hadi nne baada ya ile ya kwanza, ambapo misuli ya shingo na ya kupumua hulegea hata kama mate na jasho vimeshakauka. Tuliisoma sote chuoni, tukaisahau sote.

Kuanzia hapo tuliacha kumtesa na majaribio ya kila asubuhi. Tulimpumzisha kwenye mashine, nikawa ninampima mara moja kwa siku. Siku ya saba, 1.7 kwenda 2.0, asilimia 18 hivi. Siku ya tisa, 1.6 kwenda 2.2, asilimia 38, na kichwa akakiinua na kukishikilia hadi nikahesabu kumi. Tukachomoa. Ile dawa ya kumtuliza ingemnyima hata pumzi kidogo aliyokuwa nayo, na hilo ndilo ninalolikumbuka kila mtu akiniambia kidude hiki ni mapambo.

Lakini ngoja, msikimbilie pesa. Tazameni tena hizo namba. Tunazungumza kuhusu sehemu ya kumi ya milimita. Mwezi wa nne, mimi na mwenzangu tulimpima mama mmoja kwa zamu bila kuoneshana. Mimi nilipata 1.6 kwenda 2.0, asilimia 25, hatoki. Yeye alipata 1.5 kwenda 2.0, asilimia 33, anatoka. Mgonjwa ni yuleyule, ubavu uleule, na tofauti yetu ni 0.1, yaani upana wa mstari mweupe wenyewe kwenye skrini ya simu. Mmoja aliweka alama juu ya mstari, mwingine ndani yake. Tulibishana hadi chai ikapoa. Tangu siku hiyo tuna sheria zetu: alama zinawekwa ndani ya mistari miwili, pale weusi unapoanza, zinapimwa pumzi tatu na kuchukua wastani, na mahali pa kuweka kidude pamechorwa kwenye ngozi kwa kalamu ya wino, ndugu wakiuliza tunawaeleza. Kipimo cha leo na cha kesho cha mtu huyohuyo kinanifaa kuliko kipimo kimoja kilichogusa 31 nikakishangilia.

Turudi kwa Hajati. Yeye alikuwa na nimonia, siku tano kwenye mashine, na presha ya miaka mingi. Hesabu yake ya Yang na Tobin ilikuwa 70, nzuri. Kiwambo asilimia 34, kizuri. Kwenye kiungo cha T alianza vizuri hata akanipungia mkono, kisha dakika ya 25 jasho, presha 190 kwa 110, pumzi 38 kwa dakika. Kwa njia ya zamani: "ameshindwa, jaribu kesho." Safari hii nilikuwa nimempiga picha za mapafu kabla ya jaribio, na nikapiga tena palepale akiwa anahangaika. Kabla, upande wa mbele ulikuwa na ile mistari ya kulala inayojirudia, ishara ya pafu lenye hewa. Baada ya dakika 25, pande zote mbili zilijaa mistari ya kusimama inayoshuka kutoka juu hadi chini ya skrini kama mvua kwenye kioo cha gari. Mistari ya B. Maji.

Mashine inaposukuma hewa kifuani inausaidia moyo pia: damu inayorudi moyoni inapungua, na moyo unasukuma kwa wepesi zaidi. Ukimtoa ghafla, damu inarudi kwa wingi na mzigo wa moyo unapanda. Moyo uliokakamaa kwa presha ya muda mrefu unashindwa kupokea, maji yanarudi mapafuni. Kwa hiyo shida ya Hajati haikuwa kifua wala msuli. Tulimrudisha kwenye mashine, daktari akampa dawa ya kukojoa na kurekebisha dawa za presha, na siku ya tatu akakaa kwenye kiungo cha T dakika 60 bila mstari mpya. Neno lake la kwanza baada ya kuchomolewa lilikuwa kumkaripia mwanawe kwa kuingia ICU na viatu vya nje.

Kwa wanaopenda namba: kuna alama za mapafu, unagawa kifua maeneo 12, kila eneo unaliwekea alama 0 hadi 3, jumla 36. Utafiti wa Wafaransa wa mwaka 2012 ulionesha kwamba mwisho wa jaribio, walio chini ya 13 wengi walitoka salama na walio juu ya 17 wengi walirudi kwenye shida baada ya kuchomolewa. Mimi nikiwa peke yangu usiku na wagonjwa watatu siwezi kupima maeneo 12 mara mbili. Napima manne tu ya mbele, na mawili ya ubavuni kila upande nikipata nafasi, na ninachotafuta hasa ni mabadiliko kati ya kabla na baada.

Na sasa lile ambalo halinipi sifa. Mwezi wa tisa tulikuwa na kijana wa boda aliyeumia kichwa. Kiwambo asilimia 42, namba bora kuliko zote nilizowahi kuandika. Mapafu safi. Nilijawa na kiburi cha skrini. Tukachomoa saa tisa mchana. Saa nne usiku nikaitwa: makohozi yamemjaa, hawezi kukohoa, hamezi, anapepesuka kama mlevi kila akijaribu kuamka. Msuli ulikuwa na nguvu ya kuvuta, ila kukohoa kunataka akili iliyoamka na koo linalotii. Nilimrudishia mpira kwa mikono inayotetemeka. Jioni ile nilikuwa nimepita kitandani kwake mara mbili na sikumwomba akohoe hata mara moja, kwa sababu nilikuwa na asilimia 42 mfukoni. Siku hizi kabla sijagusa kidude namwambia mgonjwa akohoe, nasikiliza, nahesabu mara ngapi amenyonywa makohozi usiku. Hicho kipimo hakina programu.

Kifaa chenyewe, haraka haraka. Picha ni nzuri kuliko nilivyotarajia kwa kitu cha ukubwa ule, ingawa ya mawimbi ya juu haifikii mashine kubwa ya radiolojia, ambayo hata hivyo haipandi ngazi kuja kwetu. Betri inatosha wagonjwa wetu wote kwa raundi moja, na umeme ukikatika kinaendelea, jambo ambalo siwezi kulisema kuhusu vitu vingi humu ndani. Joto ndilo tatizo: Januari na Februari, dakika 15 za kupiga mfululizo na kinaandika onyo kisha kinajizima ili kipoe. Nimejifunza kukizima kati ya kitanda na kitanda. Kebo ilianza kuchubuka shingoni mwezi wa sita; nimeifunga plasta.

Jeli ikiisha, na huisha, tunatumia unga wa muhogo. Chemsha maji, koroga unga kidogo na chumvi kidogo hadi iwe kama uji mzito usio na madonge, acha upoe kabisa, chuja kwa kitambaa safi. Picha haina tofauti ninayoweza kuiapia. Ila hauwekwi hadi kesho, unachacha, na lazima ufutwe kwenye kidude mara moja maana ukikauka unashika kama gundi. Usiuweke karibu na kidonda wala mahali penye sindano ya mshipa. Dada wa usafi alinikuta nakoroga akasema leo ICU wanapika enyasa, ugali wa huku kwetu. Kufuta kwenyewe kati ya mgonjwa na mgonjwa ni kwa dawa iliyoandikwa kwenye kijitabu, si spiriti yoyote unayoiona. Spiriti isiyofaa inapasua ngozi ya mbele ya kidude.

Kinyongo changu sasa. Kifaa kinafanya kazi kwa ada ya kila mwaka, inayolipwa kwa kadi ya benki ya nje, kwa dola. Mwaka ulipoisha, asubuhi ya Jumatatu, modi ya M ilikuwa imefungwa. Hiyo ndiyo inayonichorea mwendo wa kiwambo kwa mstari ili nipime vizuri. Bila hiyo nagandisha picha na kukisia kilele cha pumzi. Picha ya kawaida waliniachia. Niliwaandikia, wakanijibu kwa adabu kwamba akaunti ni ya mmiliki wa kwanza. Mmiliki wa kwanza alikuwa kazini usiku, upande mwingine wa dunia. Siku kumi na moja tulikaa hivyo, na wagonjwa wawili kwenye mashine. Kifaa ni chetu, kiko mkononi mwangu, kina chaji, na hakitaki. Nilikuwa sijawahi kukasirikia kitu kisicho na uso kiasi kile.

Nyota nne kati ya tano. Ile ya tano ni ya hizo siku kumi na moja.

Kama unanunua kilichotumika, kama chetu, usilipe kabla muuzaji hajakiwasha mbele yako, kwenye simu yako wewe, kwa akaunti yako wewe. Mwambie afungue modi ya M. Jiwekee kidude ubavuni mwako wa kulia, vuta pumzi, uone mistari miwili ikiachana. Kisha kiache kikipiga dakika kumi na tano juani na utazame kama kitazima. Muuzaji akikuambia jua halikuwemo kwenye mapatano, mrudishie kibegi chake.